Gari la Mikate na Madereva Wake Wawili

Kabla ya kiharusi, msambaza mikate hakuwa mtu wa maneno. Alitoka alfajiri peke yake, akarudi jioni, akala, akalala. Mkewe akimuuliza safari ilikuwaje, jibu lilikuwa "salama", na ukitaka zaidi ya hapo kaongee na ukuta. Waliishi hivyo mpaka watoto wakawa watu wazima, na mama wa watu alishajisadikisha kwamba ndoa zote ndivyo zilivyo.

Kiharusi kikaja kikamlaza. Baada ya mazoezi ya muda mrefu mguu wa kushoto ulirudi, lakini mkono wa kushoto ukagoma katakata. Gari lake lilikuwa la gia za kubadilisha kwa mkono, na gia zenyewe ziko kushoto kwa dereva. Sasa aendesheje, kwa meno? Ndipo mkewe, ambaye maishani mwake hakuwahi kuendesha hata toroli, alipopanda kiti cha mbele na kusema, "We kanyaga klachi, mimi nitaingiza."

Mwanzoni walikuwa kituko. Gari lilirukaruka, giaboksi ikalia kama mbuzi aliyefungwa, wenye maduka wakashika mbavu. Mzee aliita "mbili", "tatu", "rudi mbili", na mama akahangaika. Lakini siku zilivyokwenda hakukuwa tena na haja ya kuita. Mama alisikiliza injini, akaona goti la mumewe linavyonyanyuka, na gia ikaingia kama imepakwa siagi. Mtaani wakabatizwa Madereva Wawili.

Na ajabu ni hii: yule bubu wa nyumbani, ndani ya gari akawa kasuku. Alimsimulia mkewe utoto wake, mama yake aliyemwacha angali mdogo, na jinsi anavyoogopa kufa. Mama alikuwa amezeeka na mume huyu bila kumjua, na sasa ndiyo kwanza alikuwa anampata. Alimpenda mpaka akaona haya, mtu mzima na wajukuu wake, kuamka mapema na kujitazama kwenye kioo kwa ajili ya kwenda kusambaza mikate.

Binti yao, kifungua mimba, ni nesi, na roho ilikuwa ikimdunda kila wazazi wake walipoingia barabarani. Akajinyima, akaliuza gari la zamani, akawaletea la otomatiki, lisilo na klachi, linalobadili gia lenyewe.

"Baba, sasa utaendesha mwenyewe," alisema. "Na wewe mama, pumzika. Umeteseka vya kutosha."

Mama akamkumbatia, akamshukuru. Angemwambia nini mtoto aliyefanya wema?

Hata hivyo hakubaki nyumbani. Asubuhi ile ya kwanza aliwahi kiti chake kabla mikate haijapakiwa. Mzee alishika usukani kwa mkono wake mzima, gari likateleza bila kushtuka, na uso wake ukang'aa kama wa mtoto. Mama alifurahi kumwona hivyo, kisha akangoja mazungumzo.

"Ile habari ya mjomba wako hukuimaliza," alijaribu.

"Ngoja kwanza, mama watoto. Nalisoma gari."

Alilisoma siku hiyo, akalisoma wiki nzima. Mkono wa mama ulilala mapajani, hauna kazi.

Kisha wakafika siku moja kwenye mlima wa kwenda hospitali. Gari lilikuwa limesheheni, injini ikaanza kukoroma. Kwenye gari la zamani, hapo ndipo mama alipokuwa akisukuma gia mbele, kutoka nne kwenda tatu. Hakufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Akasukuma. Gia ikatoka kwenye D ya kwendea ikaingia kwenye N isiyovuta gari, injini ikapiga kelele za bure, gari likasita, likaanza kurudi nyuma. Lori lililowafuata likapiga honi. Mzee alikanyaga breki kwa nguvu zote, kreti zikaanguka, mikate ikatapakaa, na lori likasimama limebakiza shubiri tu.

"Unataka kutuua?" Hakupaza sauti. Alikuwa bado amekandamiza breki.

"Nilisikia linachoka."

"Halichoki hili. Linajua lenyewe la kufanya." Akavuta pumzi, akampigapiga begani. "Si kosa lako. Lakini kesho baki nyumbani, mke wangu. Umenihangaikia mno."

"Sitagusa kitu tena. Nitaikalia mikono."

"Sasa utakuja kufanya nini?"

Aliuliza kwa upole, bila kejeli yoyote, na hicho ndicho kilichomkata maini mama. Jibu alikuwa nalo: nataka kukaa na wewe. Lakini miaka yote ile hawakuwahi kuambiana maneno ya namna hiyo uso kwa uso, na umri ule ataanzia wapi? Akalimeza.

"Basi," alisema.

Tangu siku hiyo kiti cha mbele kinabeba kreti za mikate. Binti hupiga simu, na mzee humwambia kwa fahari kwamba mama sasa anapumzika. Majirani humpongeza kwa kuzaa mtoto mwenye huruma. Yeye huitikia, hutabasamu, kisha huingia ndani kupanga upya vyombo ambavyo vimeshapangwa.

Jioni mume hurudi, hunawa, hukaa mezani.

"Safari ilikuwaje?" mama humuuliza.

"Salama."

Humpakulia chakula, kisha huketi ng'ambo ya meza kungoja neno la pili. Mzee hula akamaliza, humshukuru kwa chakula, huenda kulala.