Kanga Iliyonukia

Nikiwa mtoto wa miaka minane kule Isansa, nilikuwa na pua isiyopitwa na kitu. Nilijua nani kapika nini kabla sijafika kwake, na Bibi, mama yake baba, alikuwa akinitania kwamba siku moja nitaolewa na chungu. Lakini harufu niliyoipenda kuliko zote ilikaa ndani ya sanduku la bati la mama, na hiyo haikuwa ya kuguswa.

Baba alifanya kazi katika migodi ya shaba ng'ambo ya Tunduma, huko Rodeshia. Alirudi mara moja kwa mwaka, wakati wa kuchuma kahawa, na kila mara alimletea mama sabuni ya kuogea ya rangi ya waridi, kopo la poda na kichupa cha marashi. Kwa wiki hizo chache nyumba yetu ilikuwa nyumba nyingine. Jioni mama alichemsha maji, akaoga nyuma ya nyumba ndani ya uzio wa matete, na mvuke ukatufikia jikoni ukiwa na harufu ya maua ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyajua jina. Akitoka, alijipaka poda shingoni na tone la marashi nyuma ya kila sikio. Alitembea taratibu, kama mtu aliyebeba kibuyu cha maziwa kilichojaa pomoni. Sisi wengine tulinuka moshi na mafuta ya nyonyo, wala hatukuona wivu. Tulifurahi tu kwamba kwetu kuna mtu anayenukia.

Baba akiondoka, vyote vilifungiwa sandukuni. Ndivyo walivyofanya wake wote wa watu wa mgodini. Wazee walisema harufu nzuri ya mke humfuata mume popote alipo, na aliye chini ya ardhi akiinusa, mawazo humtoka kazini, na mwamba humkuta amezubaa. Mama alikuwa Mkristo wa kubatizwa na mwimbaji wa kwaya, lakini mwiko huo aliushika sawasawa na amri kumi. Alijiruhusu kitu kimoja tu. Kila Jumapili mchana alifungua sanduku, akaikunjua karatasi ya sabuni, akainusa huku amefumba macho, kisha akanipa na mimi.

"Haya, inatosha," alisema, akafunga.

Kwangu haikutosha hata kidogo. Ijumaa moja, baba akiwa ameondoka miezi minne, mama na Bibi walikwenda kupalilia shamba la mbali. Nilijua ufunguo unakaa chini ya mtungi. Nilijiambia kwamba mwiko ule ni wa wake za watu, na mimi si mke wa mtu. Hoja hiyo niliiona nzito kweli kweli. Nilichukua sabuni, nikaiondoa kanga ya mama kwenye kamba, nikakimbia mtoni.

Siwezi kudanganya kwamba sikufurahi. Nilijipaka povu kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu, nikalisuuza, nikajipaka tena. Nilinusa viganja vyangu, magoti yangu, mikono yangu. Kwa mara ya kwanza nilijiona mtu wa kupendeza. Kisha nilijifuta kwa ile kanga ya mama, nikajisugua majivu ili nisijulikane, nikairudisha sabuni sandukuni na kanga kwenye kamba. Kanga sikuifikiria hata kidogo.

Jumapili asubuhi mama akajifunga kanga hiyo. Bibi alikuja kuomba moto, akasimama mlangoni.

"Mama Rebeka, unanukia nini?"

Mama alijinusa bega. Nilimwona akielewa. Aliniangalia mara moja tu, kisha akapiga goti mbele ya Bibi.

"Nimekosa, mama. Nimeoga kwa sabuni."

"Mwanangu yuko chini ya ardhi, wewe unanukia!"

"Nimekosa, mama. Sitarudia."

Mimi nilishukuru kimoyomoyo kwamba fimbo imenipita. Mama hakunichapa wala hakunisema. Alihamisha ufunguo tu, na mimi nikadhani mambo yameisha.

Baada ya wiki tatu alifika mtu aliyefanya kazi na baba, amebeba blanketi na viatu vyake. Mwamba ulikuwa umeanguka, na baba walikuwa wameshamzika huko huko. Bibi alilia "Mayo we! Mayo we!" hadi sauti ikamkauka. Baadaye akamuuliza yule mtu ilikuwa siku gani. Alisema hakumbuki vizuri, labda Ijumaa, labda Jumamosi. Kwa Bibi hiyo ilitosha. Bibi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mama aliyefiwa na mwana, na hata kaburi la mwanawe hakuliona.

Matanga yalipoisha, baba mdogo aliwakusanya wakubwa wa ukoo. Mama alikaa chini, miguu ameinyoosha.

"Shemeji, ulioga au hukuoga?"

"Nilioga."

"Basi utarudi kwenu Chitete. Mtoto ni wetu, atabaki."

Nilikuwepo. Nilikaa ubavuni mwa mama, nikiwaza kwamba nikisema, nitaitwa mtoto aliyemuua baba yake. Kesho yake asubuhi mama aliondoka na kifurushi kimoja. Sabuni na marashi Bibi alivitupa chooni, na mimi nikalelewa naye, naye akinipenda, jambo ambalo lilinitesa zaidi.

Nilikwenda Chitete nikiwa nimeshaolewa, nina mtoto mgongoni. Mama alikuwa akipepeta ulezi uani. Amezeeka mapema. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, nikatoa matatu.

"Mama, nilioga mimi."

"Najua, mwanangu. Ningekosaje kujua?"

"Mbona hukusema?"

Aliendelea kupepeta. "Mimi nilikuwa na kwetu pa kurudi," akasema. "Wewe wangekurudisha wapi?"

Miaka yote nilikuwa nimejifariji kwamba mama alijitwika kosa langu asubuhi ile kwa haraka tu, halafu likamnasa. Kumbe mbele ya ukoo alikuwa bado na nafasi ya kulitua, akapima, akachagua.

Siku hizi wajukuu wangu wanaoga kwa sabuni za kunukia asubuhi na jioni, na wakinipita nafurahi. Siamini kwamba sabuni ilimuua baba. Lakini nyumba yetu ilipoteza watu wawili mwaka ule. Wa kwanza aliangukiwa na mwamba, mbali, na hakuna kati yetu ambaye angeweza kumwokoa. Wa pili nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kumgusa, na nikanyamaza.