Siku Wataalamu wa Mji wa Kale Walipochimba Jalala Langu

Aibu hii ni yangu na sina wa kumsingizia, ingawa kwa miaka nimejaribu kuisingizia baiskeli. Enzi zile za Ujamaa nilikuwa katibu wa kijiji chetu kipya, upande wa Kwamsisi, na tulipoanza kuchimba vyoo tukakutana na mawe yaliyopangwa, ukichimba hapa ukuta, ukichimba pale ukuta, mpaka wakaja wataalamu wa mambo ya kale kutoka Dar es Salaam wakatuambia tumekalia mji mzima uliofukiwa, wenye njia na visima na tanuri za kuyeyushia chuma, mji ambao hata babu zetu walikuwa wamelisahau jina lake.

Sasa juu ya mji huo ndipo trekta lilipopangiwa kulima shamba la kijiji. Mkuu wa wilaya akasema atakuja mwenyewe kutoka Handeni aone kama ni mji kweli au ni mawe tu. Kiongozi wa wataalamu, Ndugu Mrutu, alikuwa na chungu kimoja kilichotoka kizima, chenye mistari kama msuko wa ukili shingoni, na hicho ndicho alichokitegemea. Asubuhi ile akanikabidhi.

"Katibu, kibebe mikononi mpaka ofisini. Tembea taratibu."

Nikaitikia vizuri kabisa, kisha nikakifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira. (Mwendo wa nusu saa, na jua lile la kwetu, nitembee kwa miguu na baiskeli ninayo?) Kwenye korongo la kwanza tu, pwaa!

Mtu mwenye akili angerudi kusema. Mimi nikavifukia vigae kwenye jalala nyuma ya nyumba yangu, nikaingia jikoni. Mke wangu alikuwa amejifungua wiki ile, na mama yake alikuja kutoka Korogwe kumhudumia, akaja na chungu chake cha kupikia uji wa mzazi, nacho kina mistari shingoni. Nikakisugua masizi kwa mchanga, nikakipaka udongo, nikakiweka kwenye meza ya ofisi juu ya kitambaa cheupe. Ndugu Mrutu aliingia pamoja na mkuu wa wilaya, watu wamejaa mpaka madirishani, hata nafasi ya kukikagua hakupata.

"Aliyefinyanga chungu hiki," akawaambia watu, "alikufa kabla babu wa babu zenu hawajazaliwa."

"Sijafa," ikasema sauti mlangoni.

Mama mkwe wangu! Ambaye kwa heshima hata usoni sikuwahi kumtazama sawasawa! Amejifunika kanga mpaka puani.

"Nisamehe, baba," akamwambia mkuu, "hicho nimekifinyanga mwenyewe. Nakitafuta tangu asubuhi, mzazi hajanywa uji."

Watu wakaangua kicheko. Mkuu hakucheka. "Ndugu Mrutu, mji wenyewe ndio huu? Basi trekta lilime."

Ndugu Mrutu akanigeukia, jasho linamtoka. "Katibu, changu kiko wapi?"

"Jalalani," nikasema.

Mnadhani yaliishia hapo? Wale watu hawachimbi kwa jembe, ndugu zangu! Walipiga kamba, wakaligawa jalala langu vipande vipande, wakachekecha majivu, wakapiga brashi, kijiji kizima kimezunguka, na kila kilichotoka kikapangwa juu ya turubai na kuandikiwa namba. Zikatoka chupa za gongo. Chupa saba! Mimi, niliyekuwa nasimama mkutanoni kila wiki kulaani gongo!

"Hizi za zama zipi?" akauliza mzee mmoja.

"Ni za wageni," nikasema.

"Wageni gani?" mke wangu akauliza kutoka dirishani.

Vigae vikapatikana vyote. Ndugu Mrutu akavipanga kimoja kimoja mpaka shingo ikakutana na tumbo, mkuu akainama akatazama kwa muda mrefu, akaamuru trekta likalime kwingine. Mji ukapona. Mimi ukatibu nilivuliwa kwenye mkutano uliofuata, na mama mkwe alipoondoka kurudi Korogwe nikanyoosha mkono nimpokee mzigo, akaukumbatia.

"Acha tu, baba. Hiki nitakibeba mwenyewe."

Tangu siku hiyo, kitu cha watu kikinivunjikia, naokota vipande vyote nampelekea mwenyewe saa hiyo hiyo, anitukane mpaka achoke, nirudi nyumbani nikalale.