Skrini ya Upande wa Mteja

Ng'ombe wanne na jina la baba yangu mdogo. Hiyo ndiyo gharama ya uzembe wangu. Ng'ombe nimewahesabu mara mbili, ni wanne kweli. Jina ndilo sijui linahesabiwaje.

Kosa ni langu, sitaki mnitafutie mwenzangu wa kugawana naye.

Nina steshenari ndogo hapa Itigi. Kompyuta ni moja, skrini ni mbili. Moja inanitazama mimi, nyingine inamtazama mteja upande wa pili wa meza, ili nikimchapia barua aone mwenyewe kama jina lake limekosewa. Ninachotaka akione nakivuta kwa mausi kinahamia kwake. Nisichotaka kinabaki kwangu. Mimi mgongo wa skrini yake tu ndio ninaouona.

Kompyuta ikazeeka, nikamwita fundi aipige window mpya bila kufuta mafaili. Akataja elfu thelathini, nikamshusha mpaka kumi na tano. Alipomaliza akasema, "Dada, ongeza elfu tano nikae nikupangie na skrini zako mbili."

Nikamjibu, "Zimepangwa tangu mwaka juzi. Unataka kuzipanga tena ziende wapi?"

Akacheka, akafunga begi lake. Nikahesabu mafaili: mia tatu na kumi na mbili. Nikahesabu tena: mia tatu na kumi na mbili. Nikajiona mjanja! Kuzunguka meza hatua nne niione ile skrini nyingine, sikuzunguka.

Sasa sikieni. Kaka yangu anaoa. Msemaji wetu kwenye mahari alikuwa baba mdogo, anaishi Mungaa. Ndiye aliyewaambia wazee kwamba binti huyu ana kichwa cha hesabu, aandike yeye. Kwetu si kila siku mtoto wa kike anapewa kazi hiyo. Nikaandika kwenye faili: tuanzie ng'ombe watano, tukibanwa sana tuishie kumi na mmoja. Moyoni nilijua tutamaliza na saba. Chini nikaongeza mbinu zangu: "Mjomba wa bibi harusi anapenda sifa. Asifiwe koti, atashusha wawili."

Waliojua ile kumi na mmoja ni watu watatu: baba, baba mdogo na mimi.

Alhamisi, saa moja tu baada ya fundi kuondoka, nani anaingia? Mjomba mwenyewe, na koti lake la kijivu! Anataka kopi za hati ya shamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Jumamosi msituletee ng'ombe wa kuegemezwa ukutani wasianguke."

"Mzee, wa kwetu wanakuja wanakimbia. Andaeni kamba."

Akacheka, akakaa kwenye kiti cha wateja. Mashine ya kopi ilikuwa bado inapasha. Mimi, kwa kiburi cha kumficha mtu akiwa mbele yangu, nikalifungua lile faili! Nikapitia namba huku namtolea meno. Naye akanitolea yake.

Alipoondoka akaja kijana wa barua ya kazi. Navuta barua iende upande wake, mausi inagota ukingoni kama imekutana na ukuta. Kijana akasema, "Dada, usihangaike. Huku naona kila kitu. Hata hiyo ya mjomba kusifiwa koti."

Jamani! Nilizunguka zile hatua nne. Skrini mbili, kitu kilekile, neno kwa neno.

Nilikuwa na siku mbili za kusema. Mbili! Simu ilikuwa na chaji na salio. Badala yake nikaanza kupatana na Mungu: labda mzee hakuwa na miwani, labda aliangalia kalenda ukutani. Niliogopa kuambiwa, mnaona, mlimpa mtoto wa kike kazi ya wazee.

Jumamosi tukaenda. Nilikaa nyuma na shangazi, daftari mapajani. Baba mdogo akaanza vizuri, sauti ya chini, heshima zote.

"Wazee wetu, tumekuja na watano, wenye afya. Na mjomba, kabla sijaendelea, hilo koti limekukaa."

Mjomba akalikung'uta koti taratibu. "Kwa koti nashukuru. Ila wale wawili wa koti siwashushi. Semeni kumi na mmoja, tunywe chai ikiwa bado ya moto."

Baba akamgeukia baba mdogo, akamtazama.

Tukasaini kumi na mmoja.

Njiani baba akasimama. "Tuliojua ni watatu. Mmoja mimi. Mwingine binti, na yeye ameiweka kwenye mashine, mashine haina mdomo. Umebaki wewe. Walikupa nini?"

"Kaka, sijamwambia hata mke wangu."

Kisha baba mdogo akanigeukia, si kwa ukali. "Mwanangu, lile faili ulilifunga?"

"Nililifunga, baba."

Ni kweli nililifunga, baada ya mjomba kuondoka! Neno la kweli, nami sijawahi kusema uongo mkubwa kama huo.

Alivaa kofia yake, akarudi Mungaa bila kuaga. Simu zangu hapokei. Jumapili hii ukoo unakaa kumvua usemaji. Amewasemea watoto wetu wote miaka yote hiyo, na sasa wanamwita muuza ndugu. Kaka yangu amesema hataki kumwona kwenye harusi. Nami bado nachapa barua za watu kama mtu mwema!

Wenye skrini mbili, ukimaliza kupiga window mpya, nyanyuka, zunguka meza, kaa kwenye kiti cha mteja. Na ukikuta mambo yameharibika, piga simu siku hiyohiyo.

Wale ng'ombe wanne nimejipanga. Nitauza mashine ya kopi na hizo skrini zote mbili, nimrudishie baba pole pole. Ila naombeni ushauri kabla ya Jumapili: nitangulie Mungaa nikapige magoti kwa baba mdogo peke yake, au nisubiri ukoo ukae nisimame mbele ya wote? Nikienda Mungaa, naogopa atanisamehe na kuniambia ninyamaze. Ndivyo alivyo. Nami nitanyamaza, najijua.