Gari Lililopakwa Mafuta ya Nazi

Mpaka leo mtu akiniuliza namna ya kuilinda rangi ya gari na jua la Dar es Salaam, namjibu bila kusita: nta, kivuli na kitambaa chepesi. Sikusomea. Nilijua baada ya kukosea, tena nilikosea mbele za watu.

Miaka ya hamsini nilikuwa na teksi Kariakoo. Gari lilikuwa jeusi, nimelinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na siku nilipoliegesha mbele ya nyumba yetu kwa mara ya kwanza watoto walijitazama meno kwenye mlango wake kama kwenye kioo. Haikufika miaka miwili. Boneti ilipauka kwanza, kisha paa, likabaki la kijivu. Sikujali. Abiria anayetoka Feri na kapu lake la samaki haulizi rangi, anauliza kama kapu litaenea.

Nilianza kujali mdogo wangu wa kike alipoposwa. Upande wa mume ulituma ujumbe kwamba wao ndio wataleta gari la kumchukua bibi harusi, kubwa na jipya, la tajiri mmoja jirani yao kule Ilala. Mdogo wangu alinifuata uani.

"Kaka, mimi sitoki hapa kwa gari la watu. Natoka kwa lako, au nakwenda kwa miguu."

Kwa mama tulikuwa wawili tu, na baba alikwisha kufariki. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka chuo cha Kurani begani, siku ambazo Jangwani ilijaa maji. Nikaapa ataondoka kwa gari langu. Kungwi wake, mama mmoja mnene asiyependa mzaha, akasema sawa, lakini harusi ni Ijumaa, na Jumatatu atakuja kulikagua gari mwenyewe.

Nikaenda mtaa wa Gerezani kwa fundi rangi, mzee mmoja kutoka kusini. Alipitisha ukucha kwenye boneti.

"Rangi haijafa. Imekauka tu. Isugue, ipake nta, halafu usiianike tena juani kama muhogo."

"Kazi ya muda gani?"

"Asubuhi tatu, kabla jua halijawaka."

Asubuhi tatu bila abiria! Nikacheka. Nilidhani ananizungusha apate kazi. Nikamwambia mimi ni mtoto wa pwani, kitu kilichopauka naijua dawa yake.

Mama alikuwa ametengeneza mafuta ya nazi kwa ajili ya nywele za bibi harusi, nami nikachukua bakuli zima. Sisi sote tumekua tukipakwa mafuta hayo kila tukitoka kuoga. Mguu uliopauka unang'aa papo hapo, na sikuona kwa nini bati liwe tofauti. Jumapili jioni nikalipaka gari lote, hata vitasa. Liling'aa, sisemi uongo. Majirani walitoka barazani kulitazama, mmoja akasema gari la Gavana halioni ndani. Nililala bingwa.

Asubuhi nikapata abiria wa Buguruni, nikaona kwa nini nimwache. Njia ilikuwa ya mchanga mtupu. Jua likapanda, na kila chembe ya vumbi iliyoinuka ikaamua kuhamia kwangu. Nilipofika nyumbani saa saba mchana gari lilikuwa kama andazi lililogaragazwa kwenye unga. Halikuchukua dakika kumi sisimizi wakaanza kupanda matairi kwa mstari, wakifuata harufu. Kungwi alikuwa amekwisha kufika, amekaa barazani na mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hata usoni hakunitazama. Aliinuka, akaweka kiganja mlangoni, akakiondoa kimejaa tope la mafuta. Akakinusa. "Nazi! Mwanangu, nimemfunda huyu mtoto siku zote hizi, leo nimpandishe kwenye kikaango? Na nguo zake nyeupe? Waambieni wa Ilala walete gari lao."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mdogo wangu alikuwa dirishani. Yeye hakucheka, alifunga tu dirisha. Hilo ndilo lililoniuma. Nikamwomba kungwi anipe mpaka Alhamisi jioni. Akakubali, nadhani kwa kunionea huruma.

Nikarudi kwa fundi. Hakunisimanga, na hilo lilinikera zaidi. Alikuja mwenyewe kwetu alfajiri ya Jumanne. Tuliosha mafuta kwa sabuni mara tatu, kisha tukasugua mpaka weupe wote wa juu ukatoka na weusi ukajitokeza. Nta aliiweka kidogo kidogo, kipande kwa kipande, kwenye kivuli cha ukuta, akangoja ikauke ndipo afute. Nilitaka kulisogeza chini ya mti wa mkungu wa jirani, akakataa: kunguru wa juu ya mkungu ule wangetuharibia kazi. Nikaleta turubai la kulifunikia, akakataa tena, akasema zito, litakwaruza na kufungia joto. Akachagua marekani, kile kitambaa chepesi cha pamba. Mama akashona vipande vinne kwa mkono, mchana kutwa, bila kuniuliza habari za bakuli lake.

Alhamisi kungwi alikuja na shuka jeupe. Akalisugua kwenye boneti kwa nguvu zote, kama anayefua. Akalitazama, akaligeuza, akalitazama tena.

"Haya," akasema. "Wa Ilala wabaki na lao."

Ijumaa baada ya sala ya alasiri mdogo wangu alitolewa amefunikwa, akaingizwa kiti cha nyuma. Niliendesha polepole makusudi, Kariakoo nzima ione. Vigelegele vilitufuata mtaa kwa mtaa, watu wakinyoosha vidole, na ubavuni mwa gari nyumba zote zilionekana zikipita. Nilijaa kifua. Tukafika Ilala. Kungwi akafungua mlango, akamshika mkono akamshusha, wakaingia ndani.

Nikageuka kwa mazoea kumsemesha mdogo wangu, nikaona kiti kitupu. Wiki nzima nilikuwa nimehangaika ili aondoke kwa gari langu. Kwamba anaondoka, hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja.