Masizi na Mbegu za Mama

Mwanangu, kabla hujaondoka kwenda kwako: kuna siku moja ninayoikumbuka kila nikichoka, na siku hizi nachoka mapema.

Nilikuwa chuo kikuu, kazi yangu kupima masizi ndani ya moto. Si moto mtulivu wa mshumaa. Ni ule unaovurugika, unaojikunja na kukatika. Tulikuwa tunaumulika kwa mwanga mkali na kuupiga picha kabla haujabadilika, tuone masizi yamejipanga vipi: nyuzi nyuzi, kama kitambaa kilichochanika. Nilijiona mtu.

Likizo nikarudi nyumbani Genkuru. Nikamkuta mama jikoni anakohoa hadi anashika ukuta.

"Shikamoo mama. Leo natoboa dirisha hapa."

"Marahaba. Hutoboi." Akanionyesha juu ya mafiga, mahindi ya mbegu yananing'inia, meusi kwa moshi. "Moshi ukitoka, wadudu wanaingia. Tutapanda nini, mura, kijana wangu?"

Nikamtolea picha moja niliyoipiga chuoni, nimweleze kinachoingia kifuani mwake. Akaigeuza juu chini. "Huyu ni mbuzi anakimbia?"

"Ni masizi, mama."

"Umeenda hadi chuo kupiga picha masizi? Si ungeniambia nikukwangulie sufuria!" Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. Kilipomwachia, hakuwa anacheka tena. "Haya, toboa. Lakini mbegu zangu utazifukiza wewe?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimeupima moshi kila upande, isipokuwa upande wa faida yake.

Nikajenga kichanja nje, nikakiezeka, nikahamishia mahindi huko na kuwasha moto wa moshi chini yake. Ndipo nikatoboa ukuta. Likizo yote nilikaa pale nikichochea, machozi yananitoka, majirani wakiuliza kama ndiyo digrii yenyewe. Niliongeza siku hadi msimu wa kupanda. Zamu yangu ya kutumia mitambo chuoni ikapita, akapewa mwingine.

Kifua cha mama hakikupona kabisa, sikudanganyi. Ila alipata kulala bila kukohoa sana, na mahindi yaliota.

Basi mwanangu, ukitaka kumwondolea mtu moshi, kwanza muulize moshi huo unamsaidia nini. Kisha kazi hiyo ibebe wewe, hata kama itakuchosha. Mimi ilinichosha, na ningeibeba tena.

Nenda salama. Moto wako uivishe chakula, na hewa isikose njia nyumbani kwako.