Mzinga Mtupu wa Goweko

Sikiliza, ndugu yangu. Leo nimefungua chupa ya asali, na ile harufu ya moshi imenirudisha utotoni, kijijini kwetu Goweko. Mama alikuwa amelazwa mjini, hali yake mbaya. Kila asubuhi nilisali apone, kisha nikaenda kugonga kwa fimbo mzinga mpya aliotundika baba mtini, nione kama nyuki wameingia.

"Utawafukuza, we mtoto!" baba akacheka.

"Baba, mbona Mungu hajibu?"

Akachukua jembe lake. "Sijui, mwanangu. Hata nyuki sijui wanakuja lini. Mimi natundika mzinga, nakwenda kulima."

Nikaitupa fimbo. Mama alirudi kabla ya nyuki, amekonda, akiulizia uji. Nashukuru mpaka leo.

Nawe ukishasema amina, inuka ukalime.