Viti Juu ya Meza

Shemeji yangu alinyamaza. Hilo ndilo kosa lenyewe, na nalitaja mapema ili mtu asije akadhani nina ugomvi na serikali au na bia. Mtaa mzima uliamini kwamba mimi ndiye niliyefanya bia ipigwe marufuku siku za sikukuu ya taifa. Yeye alijua si kweli. Alikuwa amesimama pale pale kaunta, na neno la kuniokoa lilikuwa mdomoni mwake. Akalimeza.

Shemeji ni mdogo wake mume wangu, na ndiye mwenye baa ya kona. Nilimfanyia kazi tangu baa ikiwa chumba kimoja chenye friji moja inayonguruma kama trekta. Nilikuwa naosha glasi, napiga deki, nafuta meza. Glasi ya bia ina tabia yake. Ukiisuuza harakaharaka ikabaki na sabuni, povu linakufa na mnywaji analalamika kwamba bia imelala. Zangu hazikuwahi kuua povu. Kulikuwa na mstaafu mmoja, zamani dereva wa malori, tuliyemwita Mzee Povu kwa sababu hanywi mpaka alitazame povu likitulia. Alikuwa akiwaambia wageni kwamba glasi za hapa zinaoshwa na mtu mwenye heshima zake.

Baa ile ilikuwa na desturi moja ambayo kila mtu mtaani aliijua. Viti havipandishwi juu ya meza mchana, hata kama hakuna mteja. Vikipanda mchana, kuna msiba au kuna askari. Mama mkwe alipofariki vilipanda. Leseni ilipochelewa vilipanda. Ndiyo maana watu wakipita pale hutupa jicho ndani kwanza, kabla hata ya salamu.

Siku moja kabla ya sikukuu nilifika asubuhi nikakuta choo kimefurika. Maji machafu yalikuwa yamepita chini ya mlango wa nyuma, yakaingia ukumbini hadi miguuni mwa meza. Shemeji alikuwa amesimama juu ya kreti, suruali kaikunja hadi magotini.

"Shemeji, pandisha viti vyote," akaniambia. "Mwaga maji, mwaga dawa, sugua. Na mtu akiuliza, sema ni usafi wa sikukuu. Neno choo lisitoke humu ndani."

Nikapandisha viti. Nikasugua hadi kiuno kikagoma. Mzee Povu akapita, akatia kichwa mlangoni.

"Nani amefariki?"

"Hakuna, mzee. Ni usafi wa sikukuu."

"Usafi wa sikukuu," akarudia, akavitazama viti kama mtu anayetazama anga kabla ya mvua. "Haya, mama. Mimi nimeuliza tu."

Mchana ndipo lilipopita gari la matangazo lenye spika juu. Likasema kuwa kuanzia jioni ile hadi sherehe ziishe, ni marufuku kuuza wala kunywa pombe hadharani, kwa sababu ya vurugu na chupa zilizovunjwa uwanjani mwaka uliopita. Nawaambieni, mtaa ulitoka nje wote. Ungedhani nyumba zinaungua.

"Nchi inatimiza miaka yake, sisi tuipongeze kwa maji ya bomba?" akauliza fundi baiskeli.

"Ipongezeni kwa akili timamu, mara moja tu, muone inavyokuwa," akajibu dada fundi cherehani kutoka dirishani kwake. "Mwaka jana mlinitapikia mlangoni, tena juu ya gauni la bibi harusi."

"Si mimi, dada."

"Wewe ndiye uliyeshikwa mkono ukitapika, nilikuona."

Wakacheka. Wanawake wengi walikuwa wamefurahi, ila walifurahi kwa ndani, maana kila mmoja alikuwa na mtu wa kuishi naye. Wanaume walikuwa wakizunguka kama watu waliopotezewa mbuzi. Wengine wakasema serikali ina haki, watoto wamekatwa na vioo vya kutosha. Wengine wakasema mtu mzima hapangiwi kinywaji. Ingeishia hapo, kama Mzee Povu asingeikumbuka asubuhi yake.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Gari limepita sasa hivi. Viti vilikuwa juu tangu asubuhi. Nani aliyemwambia huyu mama?"

Wakageuka wote kunitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni na fagio langu.

"Na mwaka jana si ndiye aliyesimama kwenye mkutano akalalamikia chupa?" akadakia fundi baiskeli.

Ni kweli nilisimama. Mwanangu wa mwisho alikuwa amekanyaga kioo, nikasema chupa ziokotwe. Sikusema zifungiwe.

"Kumbe ndiye. Alijua kabla ya gari. Mama Marufuku huyu."

Nikageuka ndani kumtazama shemeji. Alikuwa anafuta kaunta kwa kitambaa, mahali palipokwisha kung'aa zamani.

"Waambie, shemeji," nikasema. "Waambie nani alinituma kupandisha viti."

Akaendelea kufuta. "Mambo ya serikali mimi siyajui," akawajibu, kana kwamba wamemuuliza habari za serikali.

Walipoondoka akanivuta pembeni, akaanza kubembeleza. "Vumilia kidogo, shemeji yangu. Watu husahau. Nikisema choo kilifurika hadi mezani, nani atakunywa hapa tena?"

"Na mimi nani atanisalimia tena?"

Akarudi kwenye kitambaa chake. Nikavua aproni, nikaitundika kwenye msumari wake, nikatoka. Njiani nilimsalimia mwenye duka, akajifanya anapanga sabuni. Miaka yote ile ya kusalimiana, siku hiyo sabuni zake zilimshughulisha.

Mume wangu ni mchomeleaji vyuma. Aliporudi kutoka karakana alikuwa amekwisha kusikia. Akakaa kwenye kiti chake, hakuvua viatu.

"Wanasema ni wewe."

"Na wewe unasemaje, baba watoto?"

Jibu lake ndilo nililoliogopa kuliko mtaa wote. Huyu naye alikuwa mnywaji, na baa ni ya mdogo wake. Alinitazama, halafu akakunja pua. Akaisogelea kanga yangu, akanusa, akarudi nyuma.

"Mbona unanuka choo?"

"Kwa sababu nimekisugua mchana kutwa. Kimefurika hadi chini ya meza. Ndiyo maana viti vilipanda."

Mabega yakaanza kumtikisika. "Mwanamke aliyetoka kuteta na wakubwa hanuki hivi," akasema, akacheka hadi machozi yakamtoka, na mimi, pamoja na uchungu wangu, nikajikuta nacheka naye. Akainuka. "Naenda kuwaambia."

"Kaa. Aliyelimeza neno alitoe mwenyewe. Nikilisema mimi watasema najitetea, ukilisema wewe watasema unamtetea mkeo."

Basi sikukuu ikatukuta hivyo. Mume wangu alishinda nyumbani bila tone la bia, akabandua mlango wa jiko uliokuwa ukilalamika tangu watoto wakiwa wadogo, akautengeneza. Mimi nikabandika sufuria kubwa ya chai uani, maana mikono yangu haijui kukaa bure. Redio tukaiweka dirishani, ikawa inatangaza gwaride.

Wa kwanza kuja alikuwa Mzee Povu. Alisimama langoni na kikombe chake mwenyewe mkononi.

"Mama Marufuku, mmefungia na chai?"

"Chai haijafungiwa, mzee. Ila haina povu."

"Nitaitazama hivyo hivyo."

Nikammiminia. Sikumnyima; uzee wake na upweke wake niliuona. Nyuma yake akaja fundi baiskeli, akiwa na aibu na hamu kwa pamoja. Akaja dada fundi cherehani na benchi lake. Uwanjani kila mtu alikuwa ameshakwenda na kurudi mapema, na mwanamume asiye na baa siku ya sikukuu hajui aweke wapi miguu yake. Wake zao wakawafuata, kwa mara ya kwanza wakakaa nao mahali pamoja mchana kweupe. Mahali pa kukaa pakaisha.

"Viti si viko baa, havina kazi?" akasema mume wangu.

Vijana wakaenda, wakarudi wamevibeba vichwani. Vile vile nilivyovipandisha mezani sasa vikashuka uani kwangu. Na kiti cha mwisho kilibebwa na shemeji mwenyewe.

Akakaa. Nikampa chai kama mtu mwingine yeyote. Watu wote walikuwapo: Mzee Povu kulia kwake, fundi baiskeli mbele yake, mwenye duka akipuliza kikombe. Nikasimama mbele yake na birika mkononi. Alinitazama, akafungua mdomo, na nikajua neno limefika ulimini.

"Chai ina sukari nzuri," akasema.

Mume wangu akageukia ukuta, akatikisa kichwa.

Sikurudi kuosha glasi. Marufuku ilipokwisha baadhi yao walirudi kwenye bia zao, na ni haki yao, lakini wengi hupitia kwangu kwanza. Siku hizi nina meza, nina mabenchi aliyoyachomelea mume wangu, na mwenye duka hunisalimia kabla sijamwona. Watoto huambizana, "Tukutane kwa Mama Marufuku," wala hawajui jina limetoka wapi. Baba watoto hunywa bia siku moja moja, halafu anakuja kukaa nami mchana wa Jumapili. Sina maisha mabaya. Naamka na furaha, nawasha jiko na furaha.

Lakini Mzee Povu hadi leo anaamini niliongea na wakubwa. Tena hunishukuru, anasema nilimpunguzia kikohozi. Sitaki shukrani ya jambo nisilolifanya. Choo cha baa kimetengenezwa, hakuna atakayekimbia bia kwa harufu ya zamani. Kilichobaki ni maneno machache: "Mimi ndiye niliyemwambia apandishe viti, choo kilikuwa kimefurika." Ayaseme akiwa amesimama, Mzee Povu akisikia. Anayedaiwa ni shemeji yangu, mwenye baa ya kona, na chai yake ninaendelea kummiminia.